Kuchagua Hesabu ya Benki Ifaayo Matumizi ya Kila Siku

(Mazungumzo kwa wakulima, wafanya biashara na wenye mishahara wa Meru na Embu)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya hesabu za benki, na kwanza yafaa mjue kwamba mimi si mtu wa benki. Kazi yangu ni kufasiri maneno ya Serikali ili yapate kufahamika kwa Kiswahili. Lakini katika kazi hiyo mtu hupitisha mikononi mwake fomu nyingi, na matangazo mengi, na masharti yaliyopigwa chapa kwa herufi ndogo ambayo watu huyatia sahihi pasipo kuyasoma. Kwa hiyo sitawaambia kuwa benki fulani ni bora kuliko nyingine. Nitajaribu kuwaeleza maana ya maneno hayo, ili kila mmoja achague mwenyewe akijua analolifanya.

Jambo ninalotaka mlishike ni moja tu. Fedha za kula kila siku na fedha za kesho zisikae mahali pamoja. Na hesabu ibebayo fedha za kila siku iwe nyepesi, isiyotoza ada nyingi, wala isiyokopesha. Mengine yote nitakayosema ni maelezo ya jambo hilo.

FEDHA ZETU HUJA KWA MAFURIKO

Wengi wanaotoa mashauri juu ya matumizi hudhani kwamba kila mtu hupokea mshahara mwisho wa mwezi. Katika nchi yetu, kutoka Igembe hata Mbeere, sivyo ilivyo. Mkulima wa chai wa Imenti au wa Runyenjes hulipwa kidogo kila mwezi kwa majani aliyoyapeleka kituoni. Kisha, karibu na mwezi wa Oktoba, hupokea malipo makubwa ya mwisho ambayo sote twayaita bonasi. Mkulima wa kahawa hungoja zaidi. Kahawa ilianza kupandwa na Waafrika wa Meru na Embu katika miaka ya 1930, ikaenea upesi baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, na tangu siku hizo malipo yake hayakuwahi kuwa ya kila wiki. Mwenye miraa hupata fedha kila anapochuma. Mwalimu hungoja mwisho wa mwezi, na mama auzaye ndizi katika soko la Gakoromone huzihesabu fedha zake kila jioni.

Fedha zijazo kwa mafuriko huondoka kwa mafuriko. Hakuna asiyejua hali ya Nkubu au Kianjokoma wiki ya bonasi. Wafanya biashara huijua siku hiyo kama anavyoijua mkulima mwenyewe. Magodoro hupangwa barazani, redio hulia, na pikipiki mpya husimamishwa mbele ya duka zikiwa zimefutwa vumbi. Hapana ubaya katika kununua godoro. Ubaya ni kwamba mwezi wa Januari shule zinapofunguliwa, mkulima yule yule aliyepokea fedha nyingi miezi mitatu iliyopita huonekana akiomba mkopo wa karo.

Wenye miraa na muguka nao wameonywa mara nyingi. Uingereza ilikataza miraa mwezi wa Juni 2014. Mwezi wa Machi 2020 soko la Somalia likafungwa, lisifunguliwe tena mpaka Julai 2022. Mwezi wa Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka unaotoka Mbeere, na ijapokuwa Mahakama Kuu ya Embu iliisimamisha amri ile mwezi huo huo, kila mkulima aliona jinsi mlango unavyoweza kufungwa kwa siku moja. Katika nyumba zilizotumia kila shilingi siku ile ile ilipopatikana, kufungwa kwa soko kulikuwa njaa. Katika nyumba zilizokuwa na fedha mahali pengine kulikuwa shida, lakini shida yenye muda wa kufikiri.

SOMO LA GHALA

Jambo hili si geni kwetu. Nani asiyekumbuka jinsi bibi zetu walivyotunza ghala? Mtama au mahindi hayakuletwa yote jikoni kwa kuwa tu yamevunwa. Mama mwenye nyumba alitoa kwa kipimo, kibaba kwa kibaba, akijua mwezi gani mvua itanyesha na mwezi gani mavuno mengine yatakuja. Na mbegu hazikukaa pamoja na chakula. Masuke mazuri yalichaguliwa yakaning'inizwa juu ya meko, moshi uyalinde na wadudu. Na mtoto aliyeyagusa alijua atakaloambiwa. Njaa ilipoingia watu walipunguza chakula, lakini hawakukimbilia kula mbegu.

Ghala, kibaba cha jikoni, na mbegu juu ya meko: hizo ni hesabu tatu. Hatuna haja ya kufundishwa na mtu kwamba mali hugawanywa. Tatizo letu ni kwamba fedha hazionekani kama mahindi. Mahindi yakipungua ghalani, jicho huona. Fedha zilizo katika simu ya mkononi hazina kimo wala uzito, Shs. 50,000/- na Shs. 500/- huonekana sawasawa mpaka siku ya kuulizia salio. Ndiyo maana wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hesabu ya benki iliyochaguliwa vizuri ni daftari hilo, na tena ni kibaba.

ANDIKA KABLA YA KWENDA BENKI

Kabla ya kuuliza benki gani, keti na karatasi na kalamu. Nitatoa mfano, tarakimu ni za kubuni, kila mtu aweke zake.

Tuseme mkulima wa chai hupata Shs. 7,000/- kila mwezi, na bonasi ya Shs. 72,000/- mwezi wa Oktoba. Kwa mwaka mzima jumla ni Shs. 156,000/-. Siku ya bonasi yeye hujiona ana Shs. 72,000/- za kutumia. Lakini tuyatoe kwanza yale yasiyoepukika: karo na chakula cha shule Shs. 20,000/-; vibarua wa kupogoa chai na kupalilia Shs. 12,000/-, na ugonjwa, ambao hauandiki barua kabla ya kuja, Shs. 4,000/-. Hayo ni Shs. 36,000/-. Zilizobaki kwa chakula, sabuni, sukari, nauli, mchango wa kanisa na wa mazishi ni Shs. 120,000/- kwa mwaka. Zigawanye kwa majuma 52: utapata Shs. 2,300/- na zaidi kidogo kwa juma.

Sasa mkulima huyu amejua jambo ambalo hakulijua. Kibaba chake ni Shs. 2,300/- kwa juma, iwe Oktoba au Machi. Malipo ya kila mwezi humpa Shs. 7,000/-, naye ahitaji kama Shs. 10,000/-, basi kila mwezi ataongeza Shs. 3,000/- kutoka katika bonasi. Ile bonasi iliyoonekana kama mlima, kumbe sehemu yake iliyo ya kula ni Shs. 3,000/- tu kwa mwezi.

Mwenye mshahara afanye hivyo hivyo kwa mwezi badala ya mwaka. Mchuuzi wa soko naye, ambaye hujui kesho atauza kiasi gani, ahesabu mauzo ya juma lililokuwa baya kabisa, akaishi kwa hilo; majuma mema yaende ghalani.

HESABU NYEPESI NI IPI?

Neno akaunti, ambalo sote twalisema, maana yake ni hesabu tu: maandishi yaonyeshayo kilichoingia na kilichotoka. Na neno lile amana, ambalo benki huliandika kwa fedha tulizoziweka, maana yake ni kitu alichokabidhiwa mtu akitunze kwa ajili ya mwingine. Ni maneno mema. Yafaa tuyadai kwa maana yake.

Zamani hesabu za benki hazikuwa za watu kama sisi. Mabenki makubwa yalikuja kwa ajili ya biashara ya bandari, wenye mashamba makubwa na wenye maduka ya jumla. Mlango wa mwananchi wa kawaida ulikuwa posta. Benki ya Akiba ya Posta ilianzishwa mwaka 1910. Mtu aliweka fedha zake dirishani, karani akaandika katika kitabu na kupiga muhuri. Mwaka 1978 ilifanywa shirika la peke yake kwa sheria ya Bunge, nayo iliwekwa kwa ajili ya kutunza akiba, si kwa ajili ya kukopesha. Mabadiliko makubwa yalikuja baadaye. Chama cha ujenzi cha Equity, kilichoanzishwa mwaka 1984, kilifanywa benki kamili mwaka 2004, nacho kilijulikana kwa kupokea watu wenye fedha kidogo. Mwezi wa Machi 2007 M-Pesa ikaanza. Mwaka 2010 mabenki yakaruhusiwa kufanya kazi kupitia mawakala, na hivyo dirisha la benki likaingia katika duka la unga huko Laare, Mikinduri, Siakago na Ishiara. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima 100 wa Kenya, 27 hivi tu walitumia huduma rasmi za fedha. Mwaka 2024 walikuwa karibu 85.

Basi siku hizi shida si kupata hesabu. Shida ni kuchagua. Mtu akiingia benki, karani mwenye adabu atamwonyesha hesabu nyingi zenye majina mazuri, kila moja na picha ya jamaa wanaocheka. Msiyatazame majina. Ulizeni maswali haya, na majibu yaandikwe.

Kwanza, je, kuna ada ya kila mwezi hata kama sikuigusa hesabu? Kwa matumizi ya kila siku tafuta isiyo na ada hiyo. Hesabu ya hundi yafaa kwa mwenye duka anayewalipa watu wengi. Kwa mtu anunuaye sukari na mafuta ya taa haina kazi.

Pili, ni kiasi gani kisichopungua katika hesabu? Zipo hesabu zinazotaka fedha fulani zibaki humo daima. Kwa akiba si vibaya, maana zinamlinda mwenyewe asizimalize. Kwa kibaba cha juma ni kufungia fedha bure.

Tatu, kutoa fedha ni bei gani: dirishani, kwenye mashine, kwa wakala, na kuzihamisha kwenda katika simu? Bei hizi hazilingani. Juu ya ada ya benki kuna ushuru wa Serikali, basi uliza jumla yake. Jambo hili ladharauliwa sana. Tuseme ada ya kutoa ni Shs. 30/- kila mara. Mtu anayetoa kidogo kidogo mara tano kwa juma atalipa Shs. 150/-, ambazo kwa mwaka ni Shs. 7,800/-. Anayetoa mara moja kwa juma, siku ya soko, atalipa Shs. 1,560/- kwa mwaka. Tofauti ni Shs. 6,240/-, na hakuna kitu alichonunua kwazo.

Nne, ni umbali gani? Ada ndogo ya benki iliyo Meru mjini haimfai mtu wa Kionyo ikiwa nauli ya kwenda na kurudi yapita ada yenyewe. Hesabu ya kila siku iwe karibu. Hesabu ya akiba, kinyume chake, haidhuru ikiwa mbali kidogo; mwendo wa kuifikia humpa mtu nafasi ya kujiuliza kama kweli ana haja.

Tano, nitapataje habari za hesabu yangu? Ujumbe wa simu kwa kila shilingi inayotoka, na taarifa iliyoandikwa kila mwezi, ni haki ya kuulizwa. Asiyejua kusoma amchague mtu mmoja amwaminiye wa kumsomea taarifa, lakini namba ya siri asimpe mtu yeyote, awe mtoto wake, wakala, au mtu apigaye simu akijiita karani wa benki. Karani wa kweli haiulizi.

HESABU IJUAYO KUKATAA

Swali la sita ni kubwa, nalo nimeliweka peke yake. Uliza: fedha zangu zikiisha, hesabu hii itakataa, au itanikopesha?

Kuna neno la benki ambalo limenisumbua katika kufasiri, nalo ni ovadrafti. Halina neno moja la Kiswahili lililozoeleka. Maana yake ni kutoa fedha zaidi ya zile zilizomo, benki ikijazia pengo, kisha ikudai pamoja na gharama. Katika simu jambo hili lilikuja mwezi wa Januari 2019 kwa jina la Fuliza. Mtu hulipa dukani kwa fedha asizokuwa nazo. Hutozwa ada ya huduma, na ada nyingine huweza kuongezeka kila siku mpaka deni litakapokwisha. Kisha fedha zozote zitakazoingia katika simu hulipa deni kwanza. Mama aliyetumiwa Shs. 1,000/- na mwanawe aliyeko Nairobi hukuta zimepungua kabla hajazishika.

Sisemi kwamba mkopo wa namna hiyo ni udanganyifu. Masharti yake hutolewa, na asiyeitaka huduma hiyo aweza kuikataa au kujiondoa baada ya kulipa deni. Usiku wa ugonjwa waweza kumfikisha mtu hospitali ya Chogoria. Nasema tu kwamba haufai kukaa ndani ya kibaba. Kibaba kikiisha siku ya Alhamisi, kimemwambia mwenyewe neno la kweli: juma hili tumekula kuliko kipimo. Kibaba kinachojijaza chenyewe kwa mkopo humficha neno hilo, naye hulisikia baada ya miezi, likiwa deni. Kukataa kwa hesabu nyepesi ndiko faida yake. Mtu ataona haya kidogo mbele ya mwenye duka, naye juma lijalo atapima vizuri zaidi.

JINSI YA KUZITUMIA PAMOJA

Basi mpango wenyewe ni huu. Malipo makubwa, ya chai, ya kahawa au ya mshahara, yaingie katika hesabu ya kwanza, ambayo ni ghala. Kwa wengi wetu ghala hilo liko tayari katika chama cha akiba na mikopo au benki ambamo malipo huletwa. Malipo ya kahawa, mathalan, tangu mwaka 2023 yamekuwa yakipitishwa katika mfumo wa kumlipa mkulima moja kwa moja unaoendeshwa na Benki ya Ushirika. Hesabu hiyo isiwe na kadi inayotembea mfukoni, na isiunganishwe na simu bila sababu.

Kutoka ghalani, kila juma au kila mwezi, kiasi kile kile kihamishwe kwenda katika hesabu nyepesi. Mtu aweza kuiandikia benki agizo la kudumu, yaani amri moja ya maandishi kwamba kila tarehe fulani fedha kadha wa kadha zihamishwe pasipo yeye kwenda tena. Uliza gharama ya agizo hilo. Likiwa ghali, hamisha mwenyewe kwa mkono siku moja iliyo maalumu, na siku nyingine usiiguse.

Karo na mbegu za mwakani zikae mahali pa tatu, ambapo kuzitoa kuna ugumu: hesabu ya muda maalumu, au Benki ya Posta, au akiba iliyofungwa mpaka tarehe uliyoitaja. Tarehe hiyo iwe ya juma moja kabla ya shule kufunguliwa.

Fedha zilizo katika M-Pesa zihesabiwe kuwa fedha za mfukoni. Ni njia nzuri mno ya kutuma na kulipa. Lakini mfuko haujawahi kuwa ghala.

JE, ZITAKUWA SALAMA?

Wazee huniuliza swali hili kwanza, nao wana sababu. Benki ya Imperial ilifungwa Oktoba 2015 na Benki ya Chase ikafungwa Aprili 2016, na watu walikaa muda mrefu wakingoja fedha zao. Yafaa kujua kwamba amana katika benki zenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya hulindwa na shirika la Serikali la bima ya amana. Benki ikianguka, kila mwenye hesabu hulipwa mpaka Shs. 500,000/-, kiasi hicho kiliongezwa mwaka 2020 kutoka Shs. 100,000/-. Wengi wetu hatufiki hapo. Anayefika na agawanye fedha zake katika benki mbili, kama mfugaji mwenye busara alivyompa rafiki wa mbali sehemu ya mbuzi wake, ugonjwa ukiingia boma moja usiwamalize wote.

Vyama vya akiba na mikopo vina sheria yao ya mwaka 2008 na msimamizi wao, naye hutangaza orodha ya vyama vyenye leseni. Kinga ile ya benki haivihusu. Kabla ya kuweka fedha, uliza leseni ya mwaka huu, usikubali ya mwaka jana. Na mtu anayeahidi kuzaa fedha zako maradufu kwa miezi mitatu huyo hana benki wala chama. Mpisheni njia aende zake.

NANI ATAKAYESHIKA KADI?

Kuna jambo la mwisho ambalo ni zito kidogo, nami nawaomba wazee wasinikasirikie. Mara nyingi namba ya mkulima ni ya baba, lakini majani huchumwa na mama pamoja na watoto, alfajiri, katika umande. Fedha zikiingia katika hesabu ya mmoja, naye mwingine hajui ni kiasi gani, hakuna hesabu itakayoisaidia nyumba hiyo, hata iwe nyepesi namna gani. Anayenunua unga hawezi kupima ikiwa hajui ghala lina nini.

Sheria haimkatazi baba kuwa peke yake. Lakini benki na vyama vina hesabu ya pamoja, ambayo fedha zake hazitoki mpaka watu wawili watie sahihi. Hiyo yafaa kwa ghala. Hesabu nyepesi, ile ya kibaba, na iwe mkononi mwa yule anayekwenda sokoni. Na katika nyumba nyingi sote twamjua ni nani. Taarifa ya mwezi isomwe na wote wawili wameketi. Mahali jambo hili lilipofanywa, ugomvi wa fedha hupungua, kwa sababu kinachobishaniwa kimeandikwa.

Na kijana ambaye bado hajaoa, anayeendesha bodaboda Maua au anayefundisha Siakago, asingoje mpaka awe na fedha nyingi. Aifungue hesabu nyepesi akiwa na fedha kidogo, maana mazoea ya kupima hupatikana kwa kidogo. Aende na kitambulisho chake, namba yake ya kodi na simu yake. Aulize orodha ya ada iliyoandikwa, aende nayo nyumbani, alale nayo usiku mmoja kabla ya kutia sahihi. Benki ni ile ile kesho.

Ninyi wengine mlio na hesabu tayari, nawaomba jambo dogo. Juma hili chukueni taarifa ya miezi mitatu iliyopita, mpige mstari chini ya kila ada, kisha mjumlishe. Ikiwa jumla hiyo yapita bei ya mfuko wa unga kila mwezi, mnayo sababu ya kwenda kuuliza yale maswali sita.